Sauti ni ya Nani? Mazingatio juu ya Kusikiliza na Kutunga Muziki wa Elektroniki

Neno sauti katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa. Mlio wa chombo ni sauti. Kitokacho kooni mwa mtu ni sauti. Na mtu ambaye rai yake haisikilizwi nyumbani kwake husemwa kuwa hana sauti. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba maana hizi tatu, yaani mlio, koo na mamlaka, zikichukuliwa kwa pamoja, humpa mhakiki wa Kiswahili kipimo cha kuupimia muziki wa elektroniki. Muziki huo tumeuacha nje ya uhakiki wetu kana kwamba ni kazi ya fundi wa mitambo tu, wala si kazi ya sanaa iwezayo kusifiwa na kulaumiwa.

Kwa muziki wa elektroniki nakusudia ule ambao sauti zake ama zimezaliwa ndani ya mtambo wa umeme, ama zimenaswa kwa kinasa-sauti, kisha zikakatwa, zikachujwa, zikageuzwa na kuunganishwa upya. Aina ya pili ndiyo itakayotushughulisha zaidi, kwa sababu inatumia sauti zenye wenyewe.

Pazia la Pythagoras

Historia ya muziki huu aghalabu husimuliwa kuanzia Paris. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi katika redio ya Ufaransa, alirekodi treni katika kituo cha Batignolles, akazipanga sauti zile, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo zikatangazwa redioni pamoja na majaribio yake mengine. Alifanya kazi kwa santuri, si kwa utepe, na katika santuri hizo aligundua mambo mawili yenye uzito. Kwanza, mfuo wa santuri ukifungwa ili uzunguke mahali pamoja, sauti hujirudia bila kikomo, na baada ya muda msikilizaji husahau imetoka wapi. Pili, kengele iliyorekodiwa ikikatwa pigo lake la kwanza, kinachobaki hakisikiki tena kama kengele, bali chaelekea zumari.

Kutokana na majaribio kama hayo Schaeffer alijenga nadharia aliyoieleza kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 1966, Traité des objets musicaux. Husimuliwa kwamba wanafunzi wa Pythagoras walimsikiliza mwalimu wao akiwa nyuma ya pazia, ili sura yake isiwashughulishe wakaacha kuyazingatia maneno. Kwa Schaeffer, kipaza sauti ndicho pazia la zama zetu. Msikilizaji atakiwa asahau treni, asiulize sauti imetoka wapi wala ina maana gani, bali azingatie umbo lake peke yake: jinsi inavyoanza, inavyojaa na inavyofifia.

Sina nia ya kuibeza nadharia hii. Imewafunza watu kusikiliza kwa makini ambayo hayakuwako kabla yake, na mwalimu wa fonetiki atatambua humo nidhamu ileile tunayowataka wanafunzi wetu waifuate tunapowaambia waache maana ya neno, wasikilize matamshi tu. Hata hivyo, ni nadharia nzito kwa msemaji wa Kiswahili. Tutazame tanakali zetu. Jiwe likianguka majini, chubwi. Likianguka mchangani, tifu. Likianguka topeni, pwata. Tumezoea kuziona tanakali kama uigaji wa milio. Lakini chubwi haitupi umbo la mlio peke yake. Hutuambia pia kwamba jiwe limekutana na maji. Tanakali ni ushahidi wa mkutano wa vitu viwili, na asemaye chubwi amekwisha kujibu swali ambalo Schaeffer alitaka lisiulizwe. Lugha yetu huisikia sauti pamoja na mahali ilipotoka.

Na huko Ulaya kwenyewe pazia halikudumu. Katika studio ya redio ya Cologne, Karlheinz Stockhausen alitunga Studie I mwaka 1953 na Studie II mwaka 1954 kwa sauti sahili zilizozalishwa na mtambo, sauti zisizokuwa na koo wala ngozi ya ngoma. Alipofika kwenye Gesang der Jünglinge, kazi iliyosikika kwa mara ya kwanza mwaka 1956, alizichanganya sauti za mtambo na sauti ya mtoto wa kiume akiimba maneno yatokanayo na Kitabu cha Danieli. Kazi mbili za kwanza husomwa zaidi na wataalamu; ya tatu husikilizwa. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba katika ya tatu kuna mtu.

Cairo, mwaka 1944

Miaka minne kabla ya treni za Schaeffer, Mmisri mmoja kijana alikuwa amekwisha kuifanya kazi ya namna hiyo. Halim El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921, akasomea kilimo. Mwaka 1944 aliazima kinasa-sauti cha waya kutoka kituo cha redio mjini humo. Mitambo ya namna hiyo ilinasa sauti juu ya waya mwembamba wa chuma, na ilikuwa mizito kuibeba. El-Dabh aliibeba hadi kwenye sherehe ya zaar, ambayo ni ngoma ya uganga inayoendeshwa hasa na wanawake kwa ajili ya mtu anayesumbuliwa na pepo. Wanaume hawakuruhusiwa kuhudhuria. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliingia akiwa amejifunika kichwa kama wanawake.

Baadaye, studioni, alizichuja sauti alizozinasa. Aliziondoa sauti za msingi, akaacha zile za juu zinazoandamana nazo, akaongeza mwangwi kwa kutumia chumba ambacho kuta zake ziliweza kusogezwa. Kazi hiyo ilisikilizishwa katika maonyesho ya sanaa mjini Cairo mwaka huohuo. Kilichoenea baadaye ni kipande cha takriban dakika mbili kiitwacho Wire Recorder Piece.

Ni rahisi kuishangilia tarehe. Mwafrika alitangulia, na vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya vilimsahau. Jambo hilo ni kweli na yafaa lisemwe madarasani. Lakini kushangilia tarehe si uhakiki. Kazi ya sanaa haiwi bora kwa kuwa ya kwanza, na wala haisameheki makosa yake kwa sababu hiyo. Hatuna budi kuuliza ni kitu gani kinachosikika humo.

Kinachosikika ni mvumo unaojaa na kupwa kama bawa la mlango usukumwao na upepo. Maneno hayatambulikani. Mtu aweza kuhisi kwamba kuna watu wanaoimba, lakini hawezi kusema ni wangapi wala wanaimba nini. Sauti husogea karibu, kisha huondoka kabla hatujaishika. Uzuri wake haukanushiki. El-Dabh hakuigiza zaar, wala hakuipamba kwa ala za kigeni kama walivyofanya watunzi wengine walioazima nyimbo za wenyeji. Aliingia ndani ya sauti yenyewe akatoa kilichokuwa kimefichika humo tangu mwanzo, kwa kuwa sauti zile za juu zilikuwamo siku zote katika vinywa vya wanawake wale. Hii ni sifa kubwa, na naitoa bila kusita.

Lakini tukumbuke alivyoingia. Pazia la Pythagoras lilimficha msemaji ili wasikilizaji wamsikie vizuri zaidi. Pazia la Cairo lilimficha msikilizaji, na waliosikilizwa hawakujua. Chujio lilipomaliza kazi yake, wao pia walikuwa wamefichwa: hawana majina, hawana maneno, na mgonjwa ambaye sherehe nzima ilifanywa kwa ajili yake hayumo. Wahenga wamesema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Hapa pana msiba mkubwa zaidi, maana wanawake wale walikuwapo, na lao bado halipo.

Pigo la mchi

Nisije nikadhaniwa namhukumu mtu kwa kosa ambalo mimi nimeepukana nalo, sina budi kusimulia jaribio langu mwenyewe. Nilimwomba mama mmoja jirani aniruhusu nirekodi mchi wake akitwanga. Aliniruhusu, akacheka, akaendelea na kazi. Nilirudi na dakika kumi za sauti, nikaziingiza katika kompyuta. Siku hizi chombo hicho kimoja hufanya kazi zote ambazo zamani zilihitaji studio nzima ya redio: kukata, kuchuja, kupunguza mwendo, kuongeza mwangwi. Kwa kumfuata Schaeffer nililikata pigo la kwanza la kila mtwango, nikabakiza kile kinachofuata, yaani mlio wa ukuta wa kinu baada ya mchi kuondoka. Nikaurefusha, nikaupanga tabaka juu ya tabaka.

Matokeo yalinifurahisha kupita kiasi. Kinu kilikuwa kimegeuka kitu kama kengele ya mbali isikikayo usiku. Nilijiona mtunzi. Nikampelekea yule mama akisikilize. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akauliza, “Ni kuzuri, mwalimu. Na mimi niko wapi humo?”

Sikuwa na jibu. Nilichokikata ndicho alichokuwamo. Nguvu ya mkono wake, namna alivyobadili mwendo nafaka ilipoanza kulainika, pumzi aliyoishusha pamoja na mchi: yote yalikuwa katika pigo lile la kwanza, na mimi nililiona kama taka ya kuondolewa. Kutunga kulinifundisha jambo ambalo kusikiliza peke yake kusingenifundisha. Mkono unaoshika wembe wa kukatia sauti huchagua, kila mara, nani abaki na nani aondoke, na mara nyingi huchagua bila kujua kwamba umechagua.

Ushahidi wa sikio

Yawezekana mtu akapinga kwamba hoja hii ni ya maadili na si ya sanaa. Kwamba sikio halijali majina. Mimi nadhani sikio lenyewe lina ushahidi wa kutoa, na wanaisimu wataufahamu upesi. Simu ya kawaida ya waya hupitisha mitetemo ya kuanzia takriban 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sauti ya msingi ya mwanamume mtu mzima aghalabu huwa kati ya mitetemo 100 na 150 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba sauti ya msingi ya baba anayetupigia simu haipiti katika waya hata kidogo. Na bado twamtambua, na kidatu chake twakisikia kilekile kizito tukijuacho. Sikio huipokea mitetemo ya juu, likapima nafasi iliyopo kati ya mmoja na mwingine, likairudisha sauti ya msingi isiyokuwapo.

Kwa hiyo alichokiondoa El-Dabh kwa chujio, sikio la msikilizaji hujitahidi kukirudisha. Pengine hiyo ndiyo siri ya kipande kile. Hakituachi tutulie katika umbo tupu alilolitaka Schaeffer. Hutusukuma tumtafute mtu, ilhali mtu amekwisha kuondolewa. Kazi hiyo ni nzuri kwa sababu ile ile inayoifanya itutie wasiwasi. Uzuri wake ni wa mlango uliofungwa ambao nyuma yake pana watu wanaoongea. Mhakiki anayesifu mlango bila kuwauliza habari za watu hao amefanya nusu ya kazi yake.

Pepo na kiti chake

Jambo hili lapata uzito zaidi tukikumbuka kwamba katika zaar yenyewe swali la mwenye sauti ndilo kiini cha sherehe. Zaar ni jamaa ya ngoma za pepo za mwambao wetu. Katika ngoma hizo mgonjwa huitwa kiti; pepo humpanda kichwani; na kinywa cha kiti kikifumbuka, asemaye si mwenye kinywa. Utengano wa sauti na mwili, ambao wanahistoria wa muziki wanatuambia uliletwa na gramafoni na redio, ulikuwako katika ngoma hizi bila waya wala umeme.

Lakini tazama mganga anavyofanya sauti ngeni inapotoka. Hamwambii yeyote asikilize umbo lake na kusahau imetoka wapi. Huuliza: Wewe ni nani? Umetoka wapi? Wataka nini? Pepo hana budi ajitaje, aseme haja yake, na makubaliano yafikiwe baina yake na jamaa za mgonjwa. Bila jina hapana uganga. Wanawake wa Cairo walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyo usiku ule kinasa-sauti kilipokuwa kikizunguka. El-Dabh alichukua sauti ya sherehe akaliacha swali lake. Lau angalichukua na swali, nadhani kazi yake ingalikuwa kubwa zaidi.

Mwenyewe hakukaa hapo. Alikwenda Marekani mwaka 1950, na mwaka 1959, katika studio ya vyuo vikuu vya Columbia na Princeton mjini New York, alitunga Leiyla and the Poet kutokana na kisa mashuhuri cha Layla na Majnun. Humo pia sauti za watu na za ala zimegeuzwa kwa mitambo. Lakini ni kisa chenye wahusika, na kila mmoja ana jina. Naichukua kazi hiyo kama hatua mbele ya ile ya mwaka 1944, ingawa mbinu zake si za kushangaza kama zile za kwanza.

Kanda za Tervuren na kanda zetu

Swali hili si la Misri peke yake. Makumbusho ya Afrika ya Kati yaliyoko Tervuren, Ubelgiji, yana hazina kubwa ya sauti zilizonaswa Kongo na nchi jirani wakati wa ukoloni. Mwaka 2022 mtunzi kutoka Nairobi, Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU na ambaye ni mjukuu wa yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilohilo, alitoa kazi iitwayo Temporary Stored aliyoitunga kwa kutumia sauti za hazina hiyo. Jina lenyewe ni hoja: vitu hivi vimehifadhiwa kwa muda tu, havikutolewa. Humo sauti za kale huibuka, kisha huzama katika mvumo mrefu. Mbinu haiko mbali na ile ya El-Dabh. Tofauti ni kwamba hapa kufichika kwa wenye sauti ndiko kunakozungumzwa. Msikilizaji haruhusiwi kusahau kwamba kuna watu waliorekodiwa, kwamba kanda zao zilisafiri, na kwamba ziko mahali ambapo wajukuu wao hawawezi kufika kwa urahisi. Kazi hii haijibu swali la mganga. Lakini imeliuliza, na kwa kuuliza imetimiza jambo ambalo uzuri peke yake hauwezi kulitimiza.

Ni vyema kuinyoshea Tervuren kidole. Ni vigumu zaidi kufungua kabati zetu. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotoa mwito wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, wa kuiweka fasihi ya Afrika, na ya simulizi ikiwamo, katikati ya masomo, wanafunzi wa vyuo vyetu wamekuwa wakienda vijijini na vinasa-sauti. Wamerudi na ngano, nyiso, maombolezo na nyimbo za kazi. Tumezoea kuwaita wakusanyaji. Kwa hakika wao pia ni watunzi wa aina tunayoizungumzia. Mwanafunzi anayesimamisha kanda mtoto anapolia, anayeruka kicheko cha hadhira ili apate hadithi safi, anayeandika maneno kisha akairekodi kanda ileile upya kwa sababu fedha za kununua nyingine hazipo, amechuja sauti kama alivyochuja El-Dabh. Alichokiacha ni matini. Alichokiondoa ni kidatu, pumzi, pigo la kofi, na mara nyingi jina. Na tofauti na El-Dabh, hata mvumo mzuri hatukubakiwa nao.

Napendekeza basi kwamba mhakiki wa Kiswahili aukabilie muziki wa elektroniki kwa maswali matatu yatokanayo na neno letu wenyewe. Kuhusu sauti iliyo mlio, aulize: Umbo lake ni lipi, na limefanywa kwa ufundi gani? Hapo Schaeffer ni mwalimu mwema. Kuhusu sauti iliyo koo, aulize: Ni ya nani, na kazi hii imemfanya nini? Hapo tanakali na mganga ni walimu bora zaidi. Kuhusu sauti iliyo mamlaka, aulize: Mwenye koo alikuwa na kauli gani katika jambo hili? Kazi isiyo na jibu kwa swali la tatu yaweza bado kuwa nzuri, kama ya Cairo ilivyo nzuri. Lakini tutakuwa tumeisifu huku macho yetu yako wazi.

Maswali hayohayo yaulizwe juu ya kanda zetu kabla hazijaoza au kuhamishwa kwenye kompyuta bila maelezo. Walioimba ni akina nani? Walijua wanarekodiwa? Watoto wao waweza kuja kusikiliza? Idara isiyoweza kujibu haina haki ya kuwadai Wabelgiji majibu.

Ama kile kipande changu cha kinu, ninacho bado. Nimejaribu kulirudisha pigo la kwanza, na kila nikilirudisha kengele hupotea, kukabaki mama atwangaye. Sijaweza kupata mpango ambamo vyote viwili vinasikika pamoja. Nadhani upo, na nadhani atakayeupata hatakuwa amepata ufundi tu.